Kesi ya M: hati ya mama, shule ya Kiyahudi ya London na kura 5 kwa 4

Kumbukumbu za mahakama zinamwita M. Alikuwa na miaka 11 alipoombewa nafasi JFS, shule ya sekondari ya Kiyahudi iliyoko Kenton, kaskazini-magharibi mwa London, kwa mwaka wa masomo ulioanza Septemba 2007. Baba yake, anayeitwa E, ni Myahudi wa kuzaliwa. Mama yake ni Mwitaliano aliyelelewa Ukatoliki, akaingia Uyahudi kabla M hajazaliwa. Nyumbani kwao dini ilishikwa: M alisali kwa Kiebrania na kuhudhuria sinagogi ya Masorti, tawi la Kiyahudi lisilo la Kiorthodoksi. Shule ikamkataa, kwa sababu ofisi iliyopewa kazi ya kuamua ilisema M si Myahudi.

Hakuna aliyemuuliza M anaamini nini. Wanaoisoma kesi hii kwa mara ya kwanza hukwama hapo, hasa sisi tuliozoea kumpima mtu dini kwa kuuliza anasali wapi. Swali la shule lilikuwa tofauti: mama yako ni nani, na kama aliingia Uyahudi, aliingizwa na nani?

JFS ni shule kongwe, chimbuko lake ni mwaka 1732. Gharama zake za uendeshaji hutoka serikalini, lakini mambo ya dini yako chini ya Ofisi ya Rabi Mkuu, kiongozi wa tawi la Kiorthodoksi linalozishika amri kama zilivyopokewa; wakati huo alikuwa Jonathan Sacks. Wakati huo kila mwaka waombaji walizidi nafasi. Sheria ya Uingereza inaruhusu shule ya dini iliyozidiwa na maombi kuwatanguliza watoto wa dini yake. JFS iliandika kanuni hivi: tukizidiwa, wataingia watoto ambao Ofisi ya Rabi Mkuu inawatambua kuwa Wayahudi, au walioanza njia ya kuingia Uyahudi inayokubaliwa na ofisi hiyo. Kanuni fupi. Ndani yake mlikuwa na ugomvi wa miaka elfu mbili.

Mama kwanza

Halakha, yaani sheria ya dini ya Kiyahudi, inamhesabu mtoto kwa mama. Kumbukumbu la Torati 7:3 inakataza kuoana na mataifa, na aya ya 4 inatoa sababu: atamkengeusha mwanao asimfuate Mungu. Sasa, huyo "a-" ni nani? Kiswahili hakisemi, maana kiambishi chetu hakijui mume wala mke. Kiebrania kinasema: ni mwanamume. Talmud, mkusanyo wa kale wa mijadala ya marabi, katika kitabu chake cha Kiddushin, ukurasa wa 68b, inaisoma aya kwa jicho hilo. Anayekengeusha ni mume wa kigeni aliyemwoa binti yako, na anayekengeushwa anaitwa "mwanao". Basi mtoto wa binti yako ni wako ijapokuwa baba yake ni mgeni, na mtoto wa mwanamke mgeni haitwi wako ijapokuwa baba yake ni mwanao. Hoja nzima imening'inia kwenye jinsia ya kitenzi kimoja.

Msomaji wa Lamu au Unguja, aliyezoea nasaba kufuata baba, ataona ajabu. Mluguru au Mmakonde, ambaye ukoo wake huhesabiwa kwa mama, hataona ajabu hata kidogo. Ila asiharakishe kufananisha, kwa kuwa Uyahudi unatumia njia zote mbili: kuwa au kutokuwa Myahudi hufuata mama, lakini ukuhani na Ulawi hufuata baba.

Jambo la pili linalosahaulika ni kwamba kwa halakha ndoa ya Myahudi na asiye Myahudi haiishii kuwa dhambi, haipo kabisa. Hakuna kilichofungwa, kwa hiyo wakiachana hakuna hati ya talaka, ile inayoitwa get, inayohitajika. Ndiyo maana kuingia kwa mama kunabeba mzigo mkubwa hivi. Kukisimama, kuna ndoa na kuna mtoto Myahudi. Kukianguka, ndoa imeanguka nako, na mtoto pia.

Siyo matawi yote yanayokubali hesabu hiyo ya mama. Marabi wa Mageuzi wa Marekani waliamua mwaka 1983 kwamba mzazi mmoja Myahudi, awe baba au mama, anatosha, mradi mtoto alelewe ndani ya dini na aionyeshe kwa matendo. Masorti, ambao Marekani huitwa Wahafidhina, hawakuwafuata. Nao huuliza mama. Kwa hiyo usiidhani kesi ya M kuwa ni ya watu wa mama dhidi ya watu wa baba. Pande zote mbili zilikubaliana kwamba mama ndiye kipimo. Walitofautiana juu ya hati yake.

Kuingia, hatua kwa hatua

Biblia ya Kiswahili inamwita mtu wa namna hii mwongofu. Matendo ya Mitume inataja "Wayahudi na waongofu" wakiwa pamoja Yerusalemu. Neno hilo linatosha, ila lisitupotoshe tukafikiri kwamba kuongoka kwa moyo ndiko kunakokamilisha kazi. Kuingia Uyahudi ni shauri la mahakama. Lina majaji, lina masharti, na linaweza kubatilika kwa kasoro ya utaratibu kama shauri lingine lolote.

Utaratibu wa msingi uko Talmud, Yevamot 47. Mtu akija kuomba, anaulizwa ameona nini hata atake kuingia. Hajui kwamba Israeli siku hizi wanateswa na kudharauliwa? Akijibu kwamba anajua, na kwamba hata hivyo hastahili, anapokelewa mara moja na kufundishwa baadhi ya amri nyepesi na baadhi ya amri nzito. Kumbuka: baadhi. Talmud haitaki mwombaji ajue yote kabla ya kuingia. Ruthu Mmoabi, aliyemwambia mkwewe "watu wako watakuwa watu wangu, na Mungu wako atakuwa Mungu wangu", hutajwa kila mara kama mfano, naye hakusoma kozi.

Siku hizi kozi ipo. Matawi ya kimaendeleo hutaka walau mwaka mmoja, ili mwombaji apite sikukuu zote, kuanzia Mwaka Mpya wa Kiyahudi hadi Pasaka na Shavuoti. Mahakama ya marabi ya Kiorthodoksi ya London huchukua miaka kadhaa. Inamtaka mwombaji aishi mahali ambapo anaweza kufika sinagogi kwa miguu, kwa kuwa siku ya Sabato hakuna kupanda gari, na marabi huangalia jikoni, meza ya Ijumaa usiku, na namna anavyosali bila kuongozwa. Mwenye mchumba Myahudi huangaliwa wote wawili. Hapo wengi hukatika, na mara nyingi anayeshindwa ni yule mchumba aliyezaliwa Myahudi. Hajawahi kushika Sabato maishani mwake, na ghafla anaambiwa asipoishika mwenzake hatapokelewa.

Baada ya mafunzo yanabaki mambo matatu: tohara kwa mwanamume, kuzamishwa majini, na kukubali amri mbele ya majaji watatu. Aliyekwisha kutahiriwa hatahiriwi tena. Hutolewa tone la damu. Mwanamke hana jingine zaidi ya maji na kukubali amri.

Maji yenyewe yana sheria zake. Birika, yaani mikve, lazima liwe na maji ya seah 40, kipimo cha kale cha ujazo, na wataalamu hawapatani seah ni kiasi gani. Kwa kipimo cha Rabi Chaim Naeh seah 40 ni kama lita 332. Kwa kipimo cha rabi mwingine, Chazon Ish, ni kama lita 573, na wajenzi makini hufuata kikubwa. Maji haya lazima yawe yamejikusanya yenyewe, ya mvua au ya chemchemi. Ya kuchotwa kwa ndoo hayafai, na ya bomba pekee yake hayafai. Kwa kuwa hakuna anayependa kuzama katika maji ya mvua yaliyokaa miezi, mikve nyingi hujengwa na matangi mawili: moja la maji ya mvua, jingine la maji ya bomba yaliyosafishwa na kupashwa moto, na katikati tundu la upana wa vidole viwili linaloyagusanisha. Mguso huo ndio unaoyahalalisha maji ya bomba. Maji yasipogusana kabisa na mtu akazama, hajazama.

Mwili nao usiwe na kizuizi. Kucha zinakatwa na kusafishwa, rangi ya kucha inatolewa, nywele zinachanwa fundo kwa fundo, pete, plasta na lenzi za macho vinawekwa pembeni. Mwombaji akiwa mwanamke, anashuka akisaidiwa na mwanamke mwenzake, anasimama maji yakimfika shingoni, kisha majaji watatu walio nje ya mlango au wamegeuza nyuso wanamuuliza kuhusu amri naye anajibu. Anazama. Mwanamke aliye pembeni anahakikisha hakuna unywele uliobaki juu. Anatoka, anasema baraka, anazama tena. Tangu hapo anaitwa fulani binti Abrahamu, na majaji wanatia saini hati.

Kama alikuwa akiishi na mume wake tayari, kazi haijaisha. Watatengana miezi 3, ili ijulikane bila shaka mimba ipi ilitungwa kabla na ipi baada. Kisha watafunga ndoa upya kwa halakha. Katika ketuba, mkataba wa ndoa, mwongofu aliyeingia akiwa mtu mzima huandikiwa zuz 100, sarafu ya kale, nusu ya zuz 200 za bikira aliyezaliwa Myahudi. Na kama mume ni wa ukoo wa makuhani, hakuna ndoa: kuhani haoi mwongofu. Sharti hili linapaswa kuulizwa siku ya kwanza kabisa, kabla ya kozi, kabla ya kutoa hata senti. Katika mzozo huohuo wa JFS kulikuwa na familia nyingine ambayo mama aliingia Uyahudi nchini Israeli, mbele ya mahakama ya Kiorthodoksi isiyo na dosari, kisha akaolewa na kuhani. Ofisi ya London ikaurudia moyo wake wa siku ile na kusema hakukubali amri kwa dhati, maana angekubali asingeolewa na mtu aliyekatazwa. Watoto wakakosa kutambuliwa.

Hati ilianguka wapi

Katika yale matatu, tohara na maji hayana ugomvi mwingi. Yanaonekana kwa macho. Ugomvi uko kwenye kukubali amri, na kwa majaji waliopo.

Mama wa M aliingia chini ya sinagogi isiyo ya Kiorthodoksi. Kwa Ofisi ya Rabi Mkuu hilo lilitosha kumaliza jambo. Mantiki yao ni hii. Majaji wa halakha lazima wawe watu wanaozishika amri kama zilivyopokewa. Rabi anayefundisha kwamba baadhi ya amri hazifungi tena hafai kuwa jaji, na mahakama yenye majaji watatu wasiofaa si mahakama. Pili, anayeingia hapo anakubali amri kama tawi hilo linavyozielewa, wala si amri zote. Bidii ya mama, elimu yake, miaka aliyokaa ndani ya dini, yote hayo hayakupimwa, kwa sababu kwa mtazamo wao hakukuwa na shauri lililosikilizwa.

Wengi hudhani tatizo lilikuwa ndoa: kwamba aliingia kwa ajili ya mume. Sivyo. Halakha haipendi mtu aingie kwa ajili ya kuolewa, lakini Yevamot 24b inakata shauri kwamba aliyeingia kwa sababu hiyo, ameingia. Maimonides, rabi mkubwa wa sheria wa karne ya 12, anakwenda mbali zaidi katika Sheria za Mahusiano Yaliyokatazwa, sura ya 13: anawataja wake wa Samsoni na wa Suleimani, na anasema aliyezamishwa mbele ya watu watatu, hata kama nia yake haikuchunguzwa, ameshatoka kwa mataifa. Nia mbaya inaweza kusamehewa baada ya tendo. Majaji wasiofaa hawasamehewi. Kwa maneno mengine, angeweza kuwa na nia nyepesi mbele ya marabi wakali, mtoto wake akapata nafasi. Alikuwa na uhusiano wa kweli na dini mbele ya marabi wasiotambuliwa, mtoto wake akakosa.

Kwa mtazamo huohuo, ndoa ya E na mama wa M haikuwa ndoa ya halakha, na M alikuwa mtoto wa nje ya Uyahudi. Ofisi haikumfungia mlango wote: angeweza kuingia mwenyewe. Mtoto huingizwa kwa idhini ya mahakama ya marabi, na akibalehe, miaka 13 kwa mvulana na 12 kwa msichana, anaweza kuikataa. Lakini njia hiyo ingechukua miaka, na nafasi za shule hugawiwa kila mwaka.

Mbele ya majaji wa serikali

E alikwenda mahakamani akitumia Sheria ya Mahusiano ya Rangi ya 1976. Kuchagua sheria hiyo ndiko kulikoiamua kesi. Shule ya dini imesamehewa ubaguzi wa kidini katika kupokea wanafunzi. Angedai amebaguliwa kwa dini yake angeshindwa asubuhi. Ubaguzi wa asili ya kikabila hausamehewi kwa mtu yeyote, wala hauna utetezi: ukithibitika wa moja kwa moja, mlalamikiwa amekwisha.

Julai 3, 2008, Jaji Munby wa Mahakama Kuu alikataa dai. Kwake kipimo kilikuwa cha dini. Juni 25, 2009, majaji watatu wa Rufani wakamgeuza. Shule ikapanda Mahakama ya Juu, chombo kipya kilichoanza kazi Oktoba mwaka huohuo, nayo ikasikiliza kwa siku tatu, ikiwa na majaji 9. Hukumu ilitoka Desemba 16, 2009.

Lord Phillips, rais wa mahakama, alianza hukumu yake kwa kunukuu sura ya 7 ya Kumbukumbu la Torati, aya zilezile zinazokataza ndoa na mataifa. Halafu akaeleza wazi kwamba hakuna anayemlaumu Rabi Mkuu kimaadili. Baada ya hapo akapiga rungu. Wayahudi ni kabila pia, si dini tu. Hilo halikubishaniwa, na kipimo cha kabila kilikuwa kimewekwa tangu kesi ya Mandla ya mwaka 1983, iliyohusu mvulana wa Kisikh na kilemba chake. Kumpima mtoto kwa uzao wa mama yake ni kumpima kwa asili. Sababu ya kufanya hivyo, hata ikiwa ni utii kwa Mungu, haiangaliwi: sheria inauliza kipimo gani kilitumika, haiulizi kwa moyo gani. Lady Hale, Lord Mance, Lord Kerr na Lord Clarke wakawa naye. Watano.

Lord Hope na Lord Walker walikataa ubaguzi wa moja kwa moja, wakaona ule usio wa moja kwa moja: kipimo ni cha dini, lakini kinaumiza watu wa asili fulani zaidi, na shule haikuonyesha kwamba kilikuwa na uwiano na lengo lake. Lord Rodger na Lord Brown waliona shule haijakosa popote. Ukihesabu, 7 kati ya 9 waliona shule imevunja sheria, ila katika swali lenyewe lililotikisa jumuiya kura zilikuwa 5 kwa 4.

Mwenzake wa kulinganishwa naye

Kila kesi ya ubaguzi huhitaji mtu wa pili: mwenye hali sawa na mlalamikaji, tofauti ikiwa ni kile kitu kimoja tu. Hapa ndipo majaji walipoachana njia, na kwa maoni yetu ndipo penye utamu wa kesi nzima.

Wengi walimweka M karibu na mtoto mwenye mama aliyezaliwa Myahudi. Mama huyo anaweza kuwa haamini kitu, hajakanyaga sinagogi miaka 20, anakula nyama ya nguruwe siku ya Sabato. Mtoto wake anaingia. M anayesali anabaki nje. Tofauti yao ni nini kama si damu ya mama?

Lord Rodger akamweka M karibu na mtoto mwingine: mama yake naye ni Mwitaliano, naye alikuwa Mkatoliki, ila aliingia Uyahudi mbele ya marabi wa Kiorthodoksi. Huyo anaingia. Asili ya kikabila ya akina mama hawa wawili ni ileile, basi tofauti ni dini, na si chochote kingine. Matokeo yake, alisema, ni kwamba shule za Kiyahudi zitalazimika kubuni kipimo ambacho dini yao haikijui.

Ukimsoma Rodger peke yake, anakushinda nguvu. Udhaifu wake ni kwamba mtoto wake wa mfano naye anapita kwa kurithi. Hakuingia Uyahudi, alizaliwa na mama aliyekwisha kuingia. Kuingia kwa halakha kunampa mama nasaba mpya, binti Abrahamu, na mtoto anarithi nasaba hiyo. Kipimo kinabaki uzao, kimeongezewa mlango mmoja. Kwa herufi ya sheria ya 1976, watano walikuwa sahihi. Lakini sheria hiyo iliandikwa kumzuia mwenye nyumba anayebandika tangazo la kukataa wapangaji weusi, na ilipoletwa mbele ya dini ambayo kwayo watu na imani ni kitu kimoja, ilitoa jibu ambalo hata waliolitoa hawakulifurahia.

Palipoweza kuzibwa

Mtu akija na hali kama ya E na mkewe kabla mtoto hajazaliwa, swali la kwanza si "utaingiaje" bali "unataka nani akutambue, na kwa jambo gani". Hati moja haifiki kila mahali. Chukua M mwenyewe. Kwa Sheria ya Kurejea ya Israeli, kama ilivyorekebishwa mwaka 1970, ana haki ya uraia kwa sababu tu ni mtoto wa Myahudi, na baba anatosha. Sheria hiyo inafika hadi wajukuu. Akiwa raia na akataka kuoa huko, ndoa za Wayahudi ziko mikononi mwa marabi wa serikali, nao watamuuliza mama, na atakwama palepale alipokwama Kenton. Katika sinagogi yake ya Masorti, London, hana tatizo lolote. Mtoto mmoja, majibu matatu.

Afrika Mashariki tunalo jambo la kufanana. Abayudaya, jumuiya ya vilima vya kuzunguka Mbale, Uganda, walianza kushika Uyahudi mwaka 1919 chini ya Semei Kakungulu, bila rabi wa kuwaingiza. Mwaka 2002 mahakama ya marabi Wahafidhina ilifika, mamia wakahojiwa na kuzamishwa, na mwaka 2008 kiongozi wao Gershom Sizomu akapata urabi Los Angeles. Kwa matawi yasiyo ya Kiorthodoksi jambo limekwisha. Kwa Waorthodoksi mahakama ile ni sawa na ile iliyomwingiza mama wa M.

Kwa hiyo wanaojua kazi hii humshauri mwombaji apate jibu la maandishi mapema. Majaji watatu watakaokaa ni akina nani, na je, ofisi itakayohitajika baadaye, ya shule, ya ndoa au ya makaburi, inawatambua kwa majina? Maziko husahaulika sana, mpaka siku ya msiba jumuiya inapouliza hati. Mume apeleleze kama ni wa ukoo wa makuhani. Jina la ukoo si ushahidi wa kutosha, jiwe la kaburi la babu lenye mikono miwili ya baraka lina uzito zaidi. Hati halisi itunzwe pamoja na ketuba, kwa sababu ofisi ya rabi haipokei maneno, inataka cheti cha ndoa ya sinagogi cha mama, na mara nyingine cha bibi mzaa mama.

Kuna wanaofikiri wataziba pengo kwa kumwingiza mtoto peke yake akiwa mchanga. Kwa Masorti inawezekana. Marabi wengi wa Kiorthodoksi husita: kumfunga mtoto mchanga na amri zote kunahesabiwa kuwa faida kwake endapo tu atalelewa katika nyumba inayozishika, na nyumba ambayo mama hajaingia kwa kipimo chao hawaihesabu hivyo. Mlango unarudi kwa mama tena.

Baada ya hukumu

Hukumu haikumfanya M kuwa Myahudi kwa Ofisi ya Rabi Mkuu. Mahakama ilikataza tu kipimo kutumika mlangoni pa shule. Orodha za marabi hazikuguswa, wala kanuni za ndoa katika sinagogi zao.

JFS ilibidi iandike kanuni mpya zinazopima matendo: kuhudhuria sinagogi, elimu ya Kiyahudi, kazi za kujitolea katika jumuiya, vyote vikithibitishwa kwa cheti maalumu. Familia zilizozaliwa Kiyahudi kwa vizazi, ambazo hazikuwa na mazoea ya kwenda kusali, zikajikuta zinaamka Jumamosi na watoto wa miaka 10 kutafuta alama. Viti vya nyuma vikajaa majira ya maombi ya shule.

Hapo likaibuka tatizo dogo la vitendo. Kuandika ni kazi iliyokatazwa siku ya Sabato, kwa hiyo hakuna wa kushika kalamu mlangoni na kuweka alama ya vema mbele ya jina la mtoto. Njia iliyozoeleka ni kadi iliyochapwa jina katikati ya wiki: mtoto anaikuta sinagogi, anaidondosha kwenye kisanduku, na kisanduku kinafunguliwa nyota za Jumamosi usiku zikishaonekana.